Mama hataki kuhama Kikwajuni, mie roho yangu iko Fumba. Nani yuko sawa?

"Assalaam alaykum mtaalamu wa mipango miji. Mie nina miaka 38, naishi Kikwajuni, mjini Unguja, kwenye nyumba aliyoiwacha marehemu baba, pamoja na mke wangu, watoto watatu (msichana wa miaka 16, mvulana wa 9 na mdogo wa 5) na mama yangu mzazi ambae ana miaka 72, ana presha na goti linamsumbua, na mwaka huu keshateleza chooni mara mbili. Kazi yangu ni Malindi bandarini, mke wangu anashona nguo hapo hapo nyumbani. Nyumba imechoka, masika maji yanaingia uwani, vespa zinapita mlangoni mbio mchana na usiku. Nataka mama auze tuchukue fleti Fumba, ile mitaa mipya nje ya mji, au kama haikuwezekana ninunue kiwanja Tunguu nijenge taratibu. Nimesoma kwamba wazee wanahitaji utulivu na watoto wanahitaji nafasi, na nimeona ile orodha ya miji bora ya kuishi duniani, yote imepangika ina barabara pana. Lakini mama hataki kusikia, akisikia Fumba anaanza kulia. Mke wangu kanyamaza tu. Mji mzuri unapimwa vipi kwa familia yenye umri tofauti kama yangu? Na mama nimfanye nini?"

Waalaykum salaam mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikasimama pale uliposema mke wako kanyamaza tu. Ntakuja kulirudia hilo, maana mtu anaeshona nyumbani ukamwambia anahama halafu akanyamaza basi kuna hesabu anapiga kichwani mwake.

Wasiwasi wako kama nnavyouelewa mie ni kuwa unawakalisha watoto na mama pahala pabaya na huku pazuri pako na pengine uwezo wa kupafikia unao, na unahisi mama ndo anaekuzuilia. Sasa nikwambie mapema, usije ukasoma mpaka chini ukidhani ntakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kwa watu uliowataja na umri walionao leo, mama yako yuko karibu na ukweli kuliko wewe. Lakini si kwa kila kitu, na si milele.

Tuanze na hiyo orodha maana imewapoteza wengi. Ile maarufu inatolewa na Economist Intelligence Unit ya London, mwaka 2024 iliongoza Vienna, 2025 ikaja Copenhagen. Wanapima utulivu wa nchi, hospitali, utamaduni na mazingira, elimu na miundombinu, na kazi yake moja kubwa ni kuyasaidia makampuni yajue mfanyakazi anaepelekwa ugenini alipwe posho kiasi gani kwa shida za huko. Yani ni kipimo cha mtu mzima mwenye mshahara, afya yake na pengine dereva wake. Hakuna pahala wanapouliza bibi mwenye goti bovu anafika vipi msibani. Na hiyo Vienna usidhani sifa yake ni barabara pana, sifa yake kubwa ni nyumba za manispaa walizoanza kuzijenga miaka ya 1920, na kwenye yale majengo ya mwanzo mwanzo walitia humo humo pa kufulia, skuli za watoto wadogo na maktaba, mtu anashuka ngazi tu keshafika.

Sie hapa tuna mfano wetu na hauko mbali na kwenu. Majumba ya Michenzani tulijengewa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi, ramani ya mji waliichora 1968. Mtu aliepewa fleti ya juu miaka ya sabini alikuwa na miaka 30, ana umeme, ana choo ndani, anapiga ngazi mbili mbili, mjini kwa miguu, akajiona yuko peponi. Fleti ni ile ile, ngazi ni zile zile, lifti haikuwemo, na leo yule mtu ana miaka 80 akiumwa usiku anashushwa kwenye kiti cha mbao na vijana wanne. Nyumba haijabadilika hata tofali moja. Kilichobadilika ni magoti. Kwa hiyo ukiniuliza mji gani mzuri wa kuishi lazma nikuulize kwanza mzuri kwa nani, na akiwa na miaka mingapi.

Kipimo chetu cha kwanza kwenye kazi hii ni chepesi kabisa: mtu anafika wapi kwa miguu yake bila ya kumuomba mtu wala kumlipa mtu. Chora duara kichwani kwa kila mtu wa nyumbani kwako. Mdogo wa miaka 5 duara lake ni kizingiti mpaka kwa jirani. Wa miaka 9 anafika chuo cha Kurani, skuli, dukani, uwanjani. Wa miaka 16 anafika nusu ya mji ilimradi kuna mwanga. Wewe una miaka 38 na chombo cha moto, duara lako ni kisiwa kizima, asubuhi Malindi jioni Bububu ukitaka. Halafu baada ya 60 duara linaanza kurudi ndani kidogo kidogo mpaka mtu anafika tena kizingitini pale alipoanzia. Sasa ona tatizo lilipo. Anaeamua nyumba ihamie wapi ni wewe, na wewe ndie mwenye duara kubwa kuliko wote humo ndani, ndo maana Fumba unaiona karibu. Mama yako haoni Fumba, anaona ukuta.

Hapo ndo kwenye ile uliyoisoma kwamba wazee wanahitaji utulivu. Wazee wanahitaji usingizi, hilo kweli, na vespa inayopita saa nane ya usiku ni kero halali wala sikubishii, mtu wa presha akikosa usingizi si jambo dogo. Lakini kelele na pilikapilika ni vitu viwili. Pilikapilika ndo zinamtoa mzee kitandani. Kuna mwaka tulikuwa tunaangalia njia za waendao kwa miguu, nikamfuata bibi mmoja wa huko huko Kikwajuni na daftari langu, kutoka mlangoni kwake mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja. Njia mie naikata kwa dakika kumi. Yeye ilimchukua karibu saa nzima na alikaa mara saba: baraza ya jirani yake, dukani ambako alitolewa kiti cha plastiki bila ya kuomba, kwa mama anaekaanga vitumbua ambae alimuuliza juu ya goti, kwenye kivuli cha ukuta wa skuli, na kadhalika na kadhalika, na alipofika alikuwa na habari zote za mtaa na mfuko wa mbirimbi kapewa na mtu. Nikamuuliza bibi kwani bajaji hupandi? Akanitazama kama nimekosa adabu. "Nikipanda bajaji ntamuona nani?"

Zile baraza saba ndo zilizomfikisha. Ondoa nne tu hakuna safari, maana mtu mwenye goti haendi kwa kilomita, anaenda kwa kituo mpaka kituo. Wageni wanapiga picha baraza kama urembo, mie naihesabu ni kifaa cha afya sawa na mkongojo. Na kivuli vile vile, vichochoro vyetu vyembamba vilivyotukanwa sana kwamba havipitishi gari ndo vinavyompa mzee kivuli saa tano ya mchana, wakati kwenye barabara pana ya mita ishirini jua linampiga utosini mwanzo mwisho.

Sie wenyewe tulilifanya kosa hili nyumbani kwetu, na mie tayari nilikuwa na shahada ya mipango miji ukutani. Kaka yangu alijenga nje ya mji, nyumba nzuri, geti, bustani, kiyoyozi chumbani kwa mama, tukamhamisha kwa mapenzi yote. Mwezi wa kwanza alifurahi sana. Mwezi wa tatu akaanza kutuuliza kila jioni, "leo hakufa mtu?" Tukadhani akili inapotea. Kumbe mjini habari ya msiba inamjia mwenyewe, msikitini wanatangaza, mtu anapita anagonga mlango, yeye anavaa buibui lake anatoka. Kule alikuwa anasikia siku ya tatu mtu keshazikwa na khitma imeshasomwa, na shoga zake aliosoma nao chuoni walikuwa wanamalizika bila ya yeye kuwaaga. Akaacha kutoka. Miguu ya mtu mzima isipotumika inaisha nguvu haraka kuliko ya kijana na kuirudisha ni kazi, akawa anatoka kitandani kwenda kochini. Tulimrudisha mjini baada ya mwaka na nusu, uso ukafunguka lakini miguu haikurudi kama mwanzo. Kwa hiyo mama yako anapolia usimwambie ni utoto. Analilia kitu, ila hana maneno ya kitaalamu ya kukueleza.

Haya, watoto. Hapa ntakupa haki yako maana kwa huyu wa miaka 5 Fumba inashinda, tena mbali. Kuna taasisi ya Uholanzi inaitwa Van Leer Foundation (zamani Bernard van Leer Foundation) ina programu yao wanaiita Urban95, namba hiyo ni sentimita 95, urefu wa mtoto wa miaka 3 hivi. Wanakwambia mpangaji wa mji ajishushe mpaka kimo hicho aone mji unavyoonekana. Siku moja chuchumaa mlangoni kwako usubiri vespa ipite. Huioni inakuja, gari zilizoegeshwa zimekuziba, na moshi unatoka usawa wa pua yako. Ndani ya ile mitaa mipya ya Fumba mtoto anaendesha baskeli, ana bustani, maji yanatoka, mtaro una mfuniko. Hilo lina thamani na anaekwambia halina anakudanganya.

Ila hii ya barabara pana itoe kichwani. Dereva haendi mwendo wa kibao, anaenda mwendo barabara inayomruhusu. Ipanue, inyooshe, itie lami, hata mtu mpole anajikuta yuko 60 na hajijui. Na mwili wa binadamu ndo huo huo: akigongwa na gari iliyo kwenye 30 kwa saa wengi wanapona, ikifika 50 hatari ya kufa inapanda vibaya sana. Kichochoro kibovu cha kona kona kinamlinda mtoto vizuri kuliko barabara mpya isiyo na tuta, na kwenu Kikwajuni tatizo si wembamba wa njia, tatizo ni ule mnyooko mmoja ambao vijana wa vespa wamefanya uwanja wa ndege. Matuta mawili yanatosha. Nendeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, watu kumi kwa jina la mtaa, mtu mmoja akienda ni malalamiko, kumi wakienda ni ajenda.

Wa miaka 9 sasa. Huyu anajifunza mji kwa kutumwa. Mtoto anaetumwa dukani na elfu tano anunue boflo na sukari, akapita kwa bibi fulani akaamkia, akarudi na chenji kamili, huyo amesoma hesabu, adabu na njia kwa safari moja. Na Mnazi Mmoja jioni ana uwanja bila kiingilio. Fumba akitaka kwenda pahala anabebwa na mtu mzima, na mtoto anaebebwa kila pahala mpaka miaka 13 siku ya kuachiwa peke yake hajui kuvuka barabara.

Msichana wa miaka 16 ndie nnaemuwazia mie zaidi kuliko hata mama yako, na kwenye barua umempa maneno manne tu. Wavulana wa umri wake wana maskani, wana mpira, wana kuruka baharini Forodhani. Yeye ana nini? Ana skuli, tuisheni, nyumba ya shoga yake. Nikitaka kujua mtaa kama ni mzuri nauangalia saa moja usiku kwa macho ya msichana wa miaka 16 anaetoka tuisheni. Pana taa? Pana maduka yamefunguliwa na watu wako kibarazani wanaomjua baba yake ni nani? Ukihamia Fumba na tuisheni ikabaki mjini, maana yake ni daladala ya wakati wa Magharibi iliyojaa, au wewe kumfata kila siku, au, na hii ndo nnayoiona ikitokea mara nyingi, anaambiwa "basi tuisheni wacha." Hakuna anaeamua kumkatisha mtoto masomo, umbali unaamua. Anakaribia kufanya mtihani, kwa hiyo hata ukihama usihame sasa.

Baada ya miaka michache lakini mambo yanageuka. Inshaallah akifaulu, SUZA, chuo kikuu cha taifa, kampasi kubwa iko Tunguu, Chuo Kikuu cha Zanzibar nacho kiko huko huko, na kile kiwanja cha Tunguu ambacho leo kwa bibi yake ni porini kwake yeye kitakuwa mlangoni pa chuo. Ndo maana nlikwambia si milele. Nimefanya kazi Wete, Pemba, miaka miwili, mji mtamu kabisa kwa mtoto na kwa mzee, soko, hospitali, msikiti, vyote hatua chache, lakini kijana akimaliza skuli utamkuta bandarini Mkoani anasubiri meli. Mji hauwezi kuwa mzuri kwa wote kwa wakati mmoja, la maana ni uwe unajua uko upande gani wa hesabu mwaka huu.

Turudi kwa mke wako. Mteja wa mshoni wa nyumbani anakuja kwa miguu, kabeba kitambaa, kapita akaona taa inawaka akaingia, na Ramadhani ndo usiseme, mpaka usiku wa Idi watu wamekaa mlangoni wanasubiri vifungo. Mteja huyo hapandi daladala kilomita kama 18 kuja kupunguziwa dera. Ukihama, biashara yake inaanza sifuri, na pengine fleti ina sheria za biashara ndani. Hukuandika anaingiza kiasi gani. Muulize, uandike namba kwenye karatasi ile ile unayohesabia bei ya fleti. Halafu na wewe tia yako: leo Malindi unakwenda hata kwa miguu, kutoka Fumba tuseme saa moja kwenda na moja kurudi kukiwa na foleni, siku tano, ni saa kumi kila wiki, zaidi ya siku nzima ya kazi unaiacha barabarani. Mwanao wa miaka 5 saa hizo ndo anakuwa macho.

Na Tunguu? Ardhi utapata, nafasi utapata. Ila elewa mji wetu unavyokua. Mkoa wa Mjini Magharibi sensa ya 2012 ulikuwa na watu 593,678, sensa ya 2022 wakawa 893,169, yani laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi, na mji umefurika mpaka nje ya mkoa, Tunguu yenyewe iko Kusini. Watu wanatangulia, huduma zinafuata nyuma zikichechemea: kwanza nyumba, halafu duka, halafu njia, halafu bomba la maji, mtaro ndo wa mwisho kabisa. Anaejenga mwanzo anajenga chini, wanaokuja nyuma yake wanainua misingi, na maji ya mvua hayapotei, yanahamia kwa aliekaa chini. Kwa hiyo unaekimbia maji ya uwani Kikwajuni unaweza ukayakuta yamekutangulia. Kiwanja usikitazame kiangazi. Nenda siku ya pili ya mvua kubwa ya masika, na viatu vibovu, umuulize aliepo hapo jirani maji yanakaa siku ngapi.

Jengine ambalo umelipita haraka na ndo lenye moto. Umesema unataka mama auze. Nyumba ni ya marehemu baba, na kama mirathi haikugawiwa basi si ya mama peke yake, mjane mwenye watoto fungu lake ni thumni, moja ya nane, kinachobaki ni cha warithi wengine, na dada zako na kaka zako kama wapo wana sauti yao hata kama hawakai humo. Kabla hujalipa hata shilingi ya kianzio pahala popote pita Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana upate mgawo ulioandikwa. Nimeona familia zilizogombana kwa fleti mpaka hawazikani. Na upande wa kununua, fleti zinasimama kwenye sheria ya kondominiamu ya 2010, mwanasheria wako wewe, si wa muuzaji, akusomee ukodishwaji wa ardhi umebakisha miaka mingapi, ada ya huduma ya kila mwezi ni kiasi gani na nani ana mamlaka ya kuipandisha. Kiwanja nacho usinunue kwa karatasi ya mkononi na mashahidi wawili, nenda Kamisheni ya Ardhi, na kwa sheha wa huko pia.

Ungekuwa mdogo wangu wa tumbo moja ningekwambia hivi. Miaka mitatu hii kaa Kikwajuni, na sehemu ndogo tu ya pesa ya fleti itie kwenye nyumba. Uwa uinuliwe na upewe mteremko, mtaro usafishwe kabla ya masika, na karo, yani shimo la maji machafu, likaguliwe maana maji yanayoingia uwani yakichanganyika na karo ndo yanayoleta matumbo ya kuharisha kwa watoto. Kama mko upande wa Bondeni jina lenyewe linakwambia, hayo maji hutoyamaliza, utayapunguza, na hilo nakwambia bila ya kulipamba. Mwite fundi mhandisi aangalie kuta na dari kwa macho yake, kama atakwambia nyumba si salama basi maneno yangu yote ya juu yanafutika na mnahama, lakini tafuta kwanza Miembeni, Kisiwandui, Michenzani ghorofa ya chini, pahala mama anaweza kurudi baraza yake kwa miguu. Chumba cha mama kiwe cha nyuma, mbali na vespa. Ile pesa iliyobaki, kama inatosha kiwanja na unaona kina hati na hakikai maji, chukua, kiache kikungoje wakati wa chuo na wakati wewe mwenyewe unakaribia kustaafu.

Ukiwa bado roho inakutuma Fumba, sawa, kodi miezi mitatu. Kodi, usinunue. Nendeni wote, na mama pia kama atakubali wiki moja moja, na muwe na masharti mnayoyaangalia: mama katoka nje mara ngapi kwa wiki, binti kakosa tuisheni mara ngapi, mshono umeingiza nini, wewe umekula chakula cha usiku na watoto siku ngapi. Huenda nikawa nimekosea mie, kuna wazee wachache niliowaona wamenawiri kule, wengi wao ni waliohama na dada zao au shoga zao wakakaa mlango kwa mlango. Hiyo nayo ni njia.

Na mama mwenyewe, kabla hujazungumza nae habari ya nyumba tembea nae. Usimpakie, tembea nae asubuhi moja anakokwenda kila siku, uhesabu anakaa wapi na anasimama na nani. Utajua kwa macho yako unachotaka kukinunua na unachotaka kukiuza.

Kuteleza mara mbili ndani ya mwaka usikuchukulie ni utelezi tu. Mpeleke kwa daktari wiki hii amuangalie presha akiwa amekaa na akisimama, dawa zake, macho yake na hilo goti, maana dawa za presha zenyewe pengine zinampa kizunguzungu anaponyanyuka, na aulizie mtu wa mazoezi ya viungo. Akipiga kichwa, au ukamuona mdomo umekwenda upande, au neno halitoki, usinisubiri mie wala mtu yeyote, hospitali saa ile ile. Na marumaru ya chooni ibandue, fundi atie ile ya kukwaruza, bomba la kushikia ukutani liwe usawa wa kiuno chake yeye si chako wewe, na taa isiyozimwa usiku. Ni kazi ya siku mbili na haimngoji mtu aamue baina ya Kikwajuni na Fumba.